Chachu ya Bibi Haipati

Nitaanza na mtu ninayemchukia, ndipo nifike kwa mtu ninayempenda, maana siku hizi nikianza na Bibi sifiki mwisho. Ninayemchukia ni mkaza mjomba wangu, mke wa kaka yake mama. Sisi wajukuu tulimbandika jina la Mama Usafi tangu tukiwa wadogo, likamganda mpaka majirani nao wakalichukua. Mama Usafi hawezi kuona tone la maji kwenye sahani akalala. Hakai kwenye kiti kabla hajakipangusa kwa kiganja, hata kiwe cha kwake mwenyewe. Ukimtembelea utavua viatu, utanawa mikono, na bado atakutazama miguu kana kwamba umetoka kukanyaga uchafu makusudi. Hayo si makosa, najua. Watu wasafi wapo wengi na hawajamdhuru mtu.

Mimi ni msusi. Nina kibanda cha viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, na kutwa nzima kichwa cha mtu kiko mikononi mwangu. Nalisema hili mapema usije ukajiuliza mambo nayajuaje. Mwanamke akishikwa kichwa tangu asubuhi mpaka mchana atakusimulia mpaka alichoota. Na lingine ulijue mapema: mimi sina dogo. Ukinikanyaga leo, hata ukiniomba radhi, kidole nitakionyesha mwakani. Sijui nilimrithi nani, kwa sababu mama yangu hana ugomvi hata na mbu. Akiumwa naye anasogea.

Haya, Bibi sasa.

Bibi alikuwa mwoka mikate. Alifiwa na mume bado kijana, Mjomba akiwa ameanza kutembea, mama yangu akiwa bado mgongoni, na kitu pekee alichotoka nacho ukweni ni chungu cha udongo chenye donge la unga uliochacha. Wenzake waliachiwa mashamba, yeye akaachiwa uji uliooza. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, huku amejishika ubavu kwa kucheka. Akaokota matofali huku na huku, akajenga tanuri nyuma ya nyumba, akaanza kuoka. Watoto wakasoma kwa mikate. Nyumba ikaezekwa kwa mikate. Mimi mwenyewe nimekula, nimevaa na nimechapwa kando ya tanuri lile.

Kwa asiyejua, hamira ya dukani unainunua kwenye pakiti, unaitia kwenye unga, unga unaumuka, basi. Chachu ya Bibi ilikuwa hai. Kila jioni alichota ya kukandia mikate ya kesho, akabakiza kidogo chunguni, akaongeza unga na maji, akafunika kwa sahani. Asubuhi chungu kimejaa tena, kina mapovu, kinanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Ukiisahau inasinyaa. Ukiisahau zaidi inakufa, na ikifa hakuna duka la kwenda kununua nyingine. Bibi aliiita Mzee, kwa sababu ilimzidi umri hata yeye. Kabla hajamsalimia binadamu yeyote alifunua sahani kwanza.

"Mzee, umeamkaje?"

Nilipokuwa mtoto nilisimama pale nikisubiri imjibu.

Mimi aliniita mke mwenzangu, ule utani wa mabibi kwa wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu, njoo unipokee beseni. Mume wetu alikufa akatuachia kazi." Alinifundisha kukanda kwa kunigonga vidole na mwiko. Alikuwa na mikono mifupi yenye nguvu za ajabu, na donge la unga alilibamiza mezani mpaka vikombe vikaruka. Tena usimfanye malaika. Ulimi alikuwa nao. Mteja akilalamika kwamba mkate siku hizi umepungua, Bibi anamwambia, "Mkate uko pale pale, baba. Ni tumbo lako ndilo limeongezeka." Na upendeleo alikuwa nao. Mkate wa kwanza kutoka tanurini ulikuwa wa Mjomba, tangu akiwa mwanafunzi mpaka akaota mvi. Hata asipokuwepo uliwekwa kando, umefunikwa kitambaa, mtu asiguse. Mama yangu alipewa ule ulioshika moto upande mmoja. Nilimuuliza siku moja kama haoni uchungu. Akanijibu kwamba huo ulioungua una ladha zaidi.

Umri ukafika. Magoti yakagoma, kikohozi kikaja na kukataa kuondoka. Mjomba na Mama Usafi wakahamia kwa Bibi, wakasema wamekuja kumtunza. Nami, mjinga, nikashukuru. Nilimsuka Mama Usafi bure wiki ile. Nikikumbuka natamani ningemnyoa.

Kwanza vikaja vigae vyeupe jikoni. Kisha mashine ya kukandia. Kisha akaajiriwa mwokaji, baba mmoja mpole asiyeinua sauti. Mwisho kikaja kitasa kipya kwenye mlango wa jiko, na ufunguo ukaning'inia shingoni kwa Mama Usafi, ndani ya blauzi.

"Mama, pumzika sasa. Umefanya kazi maisha yako yote."

Maneno matamu hayo. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukweli nilikuja kuupata kibandani kwangu, kwa jirani yao niliyekuwa namfumua nywele. Mama Usafi alimwambia kwamba wateja wanaona kinyaa, mwanamke mzee anakohoa juu ya unga, ana kucha zile, ana leso ile. Kinyaa! Watu ambao mikono ile iliwakuza tangu hawana meno!

Bibi akawekewa kiti cha plastiki kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea jikoni, na hapo ndipo alipoishi. Alisikia mashine ikinguruma. Alijua kwa harufu tu mkate umefika wapi. "Toeni! Unaungua huo!" alipiga kelele kutoka kwenye kiti. Na Mama Usafi aliongeza sauti ya redio. Haki ya Mungu, niliyaona haya kwa macho yangu Jumapili moja. Mkate ukatoka umeungua, na Bibi akanitazama, wala hakucheka.

Nikamfuata Mjomba. Nilimkuta nje anapiga viatu rangi.

"Mjomba, mama yako amefungiwa nje ya jiko lake."

Akaendelea kupiga rangi. "Mke wangu anajitahidi. Mama ameanza kuchanganyikiwa, wewe humwoni kila siku."

"Amechanganyikiwa nini? Ananiambia mpaka mwaka niliong'oka jino."

"Basi tutaliangalia," akasema, akahamia kiatu cha pili. Nikarudi nyumbani nikimtetea moyoni. Nilijiambia Mjomba ni mtu laini, ametawaliwa na mkewe, hana ubaya, masikini. Ubaya wote niliubeba nikamtwisha mwanamke yule.

Jumapili iliyofuata Bibi alinishika mkono. Mikono yake ilikuwa imekuwa laini na safi, bila unga kwenye kucha, na yeye mwenyewe aliitazama kama si yake.

"Mke mwenzangu, mchukue Mzee umpeleke kwako. Hapa atakufa kabla yangu."

Mwokaji alinipitishia kipande cha Mzee dirishani, kwenye mfuko wa nailoni. Nikakitia kwenye ndoo ndogo ya mfuniko, chumbani kwangu, chini ya meza ya jiko la gesi, nikawa nakilisha kila jioni kama alivyonifundisha. Mapovu yakatoka. Nilipompigia simu Bibi kumwambia, aliuliza kama nimemsalimia Mzee.

Hakukaa sana baada ya hapo. Mjomba alinipigia asubuhi kabla sijafungua kibanda, akasema mama hayupo tena, akakata.

Sasa njoo uone machozi ya mamba. Msibani Mama Usafi alilia mpaka akashikwa na wanawake wawili. Alipopewa nafasi ya kusema akasimama, akajifuta, akasema, "Mama alifia mikononi mwangu. Alinishika hivi, akanibariki, akaniambia, mwanangu, jiko nakuachia wewe." Umati ukaguna kwa huruma. Watu wakamsogelea kumpa pole, na mama yangu akiwemo. Mimi nilisimama nyuma nikijisemea labda ni kweli, labda mwishoni Bibi alisamehe, yeye si mimi.

Jioni ile mwokaji akanivuta kando, karibu na bomba la maji. Akaniambia kwamba alipofika asubuhi kuwasha tanuri ndiye aliyemkuta. Bibi alikuwa chini, mbele ya mlango wa jiko, amelalia ubavu, amekwisha kupoa. Alikuwa peke yake. Ndiye aliyekwenda kuwagongea Mjomba na mkewe chumbani wakaamka.

"Hakufia mikononi mwa mtu, dada," akasema. "Nisamehe, nilidhani unajua."

Moyo wangu uligeuka hapo hapo. Sikulia tena msiba wote. Nilikwenda uani nipate hewa, na pale ukutani nikakiona chungu cha Bibi kimefudikizwa juani, kimesuguliwa kwa sabuni na waya wa kusugulia masufuria mpaka kikabadilika rangi. Wageni walikuwa wanakuja, unaelewa, na Mama Usafi akaamua kusafisha jiko zima kwa mkono wake, mwokaji akiwa amepewa ruhusa ya msiba. Mwanamke aliyemiliki ufunguo wa jiko muda wote ule hakuwahi kutia mkono kwenye unga hata siku moja. Aliona uji uliochacha, akaumwaga, akamimina maji ya moto. Nilicheka kwa sauti. Mama mdogo mmoja, mtoto wa ndugu yake Bibi, akaja akanikumbatia, akidhani uchungu umenipanda kichwani.

Udongo wa kaburi haujakaa sawa, bango likapanda mbele ya nyumba. Picha ya Bibi anatabasamu, ile niliyompiga mimi, na maandishi makubwa: MKATE WA BIBI. Nilipita pale nikiwa na mzigo wa nywele za kusukia kichwani, nikasimama, nikatema mate. Nisiseme uongo, yalifika mpaka kwenye nguzo.

Lakini mkate wenyewe ukagoma. Mwokaji alirudi kazini akakuta chungu kikavu, ikabidi atie hamira ya dukani. Nikaanza kuzipata habari kibandani kwangu, kichwa baada ya kichwa. "Mkate wa pale siku hizi ni sifongo." "Mume wangu ameurudisha." "Tangu bibi yako afe, mwanangu, hakuna kitu pale." Nilisuka taratibu siku hizo ili wanieleze vizuri. Kisha nikasikia kubwa kuliko yote: mfanyabiashara mmoja mwenye maduka kila mtaa angekuja Jumatatu kuonja mkate wa Bibi, na akiupenda angeuchukua kila siku, wote, kwa jina na picha ya Bibi.

Mama Usafi alimbana mwokaji mpaka akasema chachu nyingine iko kwa nani. Alhamisi akaja kibandani. Akapangusa kiti, akakaa. Amebeba mfuko wa sukari na unga.

"Mwanangu, umepotea! Hata kuja kututazama!"

"Niko hapa hapa."

"Nasikia ile chachu ya mama unayo kidogo." Akacheka kicheko cha wageni. "Unajua mama aliniachia jiko. Sasa si vizuri kitu cha jiko kikakaa huku, penye nywele nywele."

Ala! Penye nywele nywele! Nilikuwa na chanuo mkononi, nikaliweka chini polepole, nisije nikalitumia vibaya.

"Nitakupa," nikasema.

Akashtuka. Hakutegemea.

"Jumapili tunakutana wote kupanga vitu vya Bibi. Utasimama mbele ya familia, useme nani alifunga jiko. Useme Bibi alifia wapi, na alikuwa na nani. Useme kama alikubariki au hakukubariki. Ukimaliza, chachu nakupa, uoke, Jumatatu mtu wako aje aonje."

Uso ulimbadilika rangi zote. "Wewe mtoto huna adabu."

"Sina. Sukari yako hiyo, usiisahau."

Alisimama, akaenda mpaka njiani, akarudi. Nilijua atarudi. Mtu aliyeweka bango kabla ya kuwa na mkate hana pa kwenda. "Jumapili," akasema, akaondoka bila kuaga.

Nilimweleza mama usiku ule. Akaacha kukunja nguo.

"Mwanangu, ya nini? Aliyekufa amekufa. Mwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, mama. Hii namsaidia."

"Na ukishamwaibisha, chachu utampa?"

Nikachukua nguo moja nikamsaidia kukunja. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu, na nitakwambia kwa kuwa sioni aibu: nilikuwa nimepanga aseme yote, avuliwe nguo mbele ya watu, halafu asipate hata kijiko. Siku zile tatu niliilisha ile chachu mara mbili kwa siku mpaka ikahamia ndoo kubwa. Nililala vizuri. Nilikuwa natabasamu nikimsuka mtu.

Jumapili sebule ya Bibi ilijaa. Mama wadogo, binamu, wake zao. Nguo za Bibi ziko mezani zimekunjwa, Mjomba yuko kwenye kochi, mama yangu kwenye kigoda karibu na dirisha. Mimi nimekaa na ndoo katikati ya miguu yangu. Mama Usafi alikuja na bakuli jipya la chuma linalong'aa, akaliweka magotini. Nilikaribia kumhurumia kwa lile bakuli. Karibu tu.

Akasimama. "Ndugu zangu, nina neno. Msibani nilisema jambo kwa uchungu, huenda halikueleweka..."

"Lilieleweka," nikasema. "Sema lingine."

Akanikata jicho. Mjomba akakohoa, akasema tusigombane mbele ya vitu vya marehemu, na hakuna aliyemjali.

"Jiko nililifunga mimi," Mama Usafi akasema, anatazama sakafu. "Nilimwambia apumzike. Hakutaka kupumzika, nikafunga. Alikuwa akiniomba kila asubuhi nimfungulie, namwambia kesho." Akameza mate. "Hakufia mikononi mwangu. Hakunibariki. Juma lile la mwisho hata kumjibu nilikuwa nimeacha."

Mama mdogo mmoja akaweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimeyapata yote niliyoyataka, na raha ilinipanda mpaka masikioni. Angeishia hapo, basi. Lakini mtu akishafungua mdomo mzigo unashuka wenyewe.

"Alfajiri ile alikuwa anagonga," akasema. "Nilimsikia. Anagonga mlango wa jiko, anaacha, anagonga. Nikajua ni yale yale ya kila siku. Nikajifunika shuka."

Mama yangu alitoa sauti ndogo pale dirishani. Hilo mimi sikulijua. Mwokaji hakulijua. Bibi alikuwa anagonga.

"Nimesema," Mama Usafi akasema, machozi yanamtiririka, ya kweli safari hii. Akanyoosha bakuli. "Nipe."

Nikafunua ndoo. Harufu ikajaa sebuleni, ile ya alfajiri zetu zote, na binamu zangu watu wazima wakaanza kulia kama watoto. Nikachukua mwiko.

"Leteni vikombe," nikawaambia. "Kila mtu kikombe chake. Ilisheni unga na maji kila jioni, mfunike. Mkate wa Bibi kuanzia leo uokwe kila nyumba, na mwenye maduka akitaka kuonja aje kwa yeyote, isipokuwa hapa."

"Na mimi?" Mama Usafi akasema.

"Wewe hupati."

"Uliahidi!"

"Niliahidi. Nimekudanganya. Kanishitaki."

Wakaja mmoja mmoja, na mimi nachota. Mama wadogo, binamu, mama yangu akapokea chake kimya akarudi kwenye kigoda. Mama Usafi alisimama vile vile na bakuli tupu, watu wanampita kulia na kushoto, na hakuna aliyemwambia pole. Nilikuwa nakiangalia kila kikombe kinavyompita. Bora niseme: sijawahi kufurahi hivyo.

Wa mwisho alikuwa Mjomba. Alikuja na kikombe chake, macho mekundu. Nikamwonea huruma, mtu aliyefiwa na mama aliyempenda vile. Nikachota mwiko uliojaa kuliko yote.

"Na wewe unachukua?" Mama Usafi akamuuliza.

Mjomba akasogeza kikombe.

"Nimekuuliza, baba watoto. Na wewe unachukua? Waambie basi. Mimi nilitaka kuinuka. Nilishatoa mguu kitandani. Nani alinishika mkono? Nani alisema, mwache, atachoka atarudi kulala?"

Nikamtazama Mjomba nikisubiri amkane. Mwite mwongo, Mjomba. Mtukane. Mchape hata kofi, nitakutetea.

Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilidhani atachoka," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote ule nilikuwa nimemkamia mtu mmoja, na mwingine nimemchotea mwiko uliojaa. Yule mwanamke hakuzaliwa na Bibi. Huyu alizaliwa naye. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kummwagia ndoo nzima kichwani, na nadhani ningefanya hivyo, maana nilishaanza kuinuka.

Mama yangu akawahi. Sikumwona akitoka dirishani. Alifika, akamtoa kaka yake kikombe mkononi, taratibu, unavyomnyang'anya mtoto kisu, akakiweka juu ya nguo za marehemu.

"Dada yangu..." Mjomba akaanza.

"Nilikuachia kila kitu," mama akamwambia. Hakuinua sauti. "Tangu tukiwa watoto, kila kitu nilikuachia, nikajiambia ni kaka yangu, ndiye mama anayempenda. Hiki sikuachii." Akanigeukia. "Funika ndoo. Twende."

Nikafunika. Tulipita mlangoni, tukapita chini ya lile bango, mama mbele ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, mimi nyuma na ndoo. Njiani alilia mpaka akashindwa kutembea, tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na ninayo mpaka leo.